TLD hatua kwa hatua: mwongozo kamili kwa mtumiaji wa Tanga

Anayetoka dirisha la dawa la CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, siku hizi, iwe Bombo, Makorora au Pongwe, aghlabu mkononi ana kopo la TLD. Ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mwongozo huu unahusu hasa hiyo ya tatu. Ndiyo iliyobadilisha matibabu ya VVU kwetu, na ndiyo yenye masharti ambayo wengi huyasikia kwa mara ya kwanza siku majibu ya kipimo yanapokuja vibaya.

Niseme mapema ninavyoliona jambo hili. TLD ni dawa isiyoshindwa kirahisi. Inapoonekana imeshindwa, mara nyingi chanzo ni siku zilizorukwa au kitu kingine kilichomezwa karibu nayo. Kwa hiyo kuikumbuka saa tu hakutoshi. Mtoa huduma lazima ajue kila kitu kinachopita kooni kwako: cha hospitali, cha duka la dawa na cha mganga. Na ukikuta hapa jambo linalopingana na ulivyoelekezwa kliniki, shika la kliniki kwanza, kisha uliza.

Ijue dawa kabla hujaimeza

VVU vikishaingia kwenye seli ya CD4, ambayo ni seli ya kinga ya mwili, hutengeneza nakala ya vinasaba vyao, kisha kimeng'enya kiitwacho integresi huipachika nakala hiyo ndani ya vinasaba vya seli yenyewe. Ikishapachikwa, seli inageuka kiwanda cha virusi. Dolutegraviri huingia hapo katikati na kuizuia integresi isipachike. Ndiyo maana jamii yake huitwa vizuizi vya integresi. Nakala zilizokwisha kupachikwa zamani haiwezi kuzing'oa, na hii ndiyo sababu dawa ni ya kila siku hata baada ya majibu mazuri ya miaka mingi.

Kizuizi cha kwanza cha integresi, raltegraviri, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2007. Dolutegraviri ilifuata mwaka 2013. Mwaka 2017 yalitangazwa makubaliano ya kushusha bei ya TLD hadi kama dola 75 kwa mtu kwa mwaka kwa nchi zenye kipato kidogo, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegraviri mwaka 2018 na kulitilia nguvu pendekezo hilo mwaka 2019. Tanzania nayo ikaanza kuwahamishia watu kwenye TLD mwaka huohuo wa 2019. Wewe huilipii. ARV hutolewa bure, na anayekudai hela ya kopo anakuibia.

Nguvu yake ilionekana mapema. Katika utafiti wa SINGLE, uliochapishwa mwaka 2013, nusu ya waliotumia dolutegraviri walishusha virusi chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu ndani ya siku 28. Waliotumia efavirenzi, ile ya kwenye TLE (kidonge kilichotumika kabla ya TLD) iliyokuwa ikiwaletea watu majinamizi, ilichukua siku 84. Tena virusi hupata taabu sana kujenga usugu dhidi ya dolutegraviri, wakati efavirenzi usugu wake ulikuja upesi.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Siku ya kuanza, mtoa huduma atakuuliza maswali manne ya kifua kikuu: kikohozi, homa, kupungua uzito, kutokwa jasho usiku. Yajibu kwa ukweli hata kama unaona kikohozi chako ni cha vumbi la mkonge tu. Jibu lako linaamua mambo mawili: kama uanze ARV leo au usubiri kidogo, na kama kipimo cha dolutegraviri kitakuwa cha mara moja au mara mbili kwa siku.

Mwambie pia kama una tatizo la figo, kwa sababu tenofoviri hupitia huko. Kama una kisukari, kifafa, au uliwahi kuambiwa una homa ya ini B, itaje. Tenofoviri na lamivudini hutibu homa ya ini B pia, na mtu mwenye ugonjwa huo akiziacha ghafla ini linaweza kuchafuka vibaya.

Halafu kuna vile ambavyo watu hawavihesabu kama dawa: vidonge vya kiungulia, vya kuongeza damu, vitamini za kwenye kopo la rangi, unga wa mlonge, chupa ya mganga wa Amboni. Vibebe kwenye mfuko uende navyo kliniki. Muuguzi akikuuliza, "Bibi, mbali na hizi unameza nini?" usijibu "hakuna" kwa sababu tu vingine hukupewa na daktari.

Kuchagua saa

TLD haina saa takatifu. Humezwa na chakula au bila chakula, asubuhi au usiku, ilimradi iwe saa ileile kila siku. Nashauri uifunge kwenye jambo ambalo tayari hulikosi: chai ya asubuhi, swala, taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Waliotoka kwenye TLE wengi bado wanameza usiku kwa mazoea, kwa sababu efavirenzi ilikuwa ikilewesha. Dolutegraviri tabia yake ni kinyume, baadhi ya watu inawakosesha usingizi. Kama tangu ubadilishiwe unahesabu boriti hadi alfajiri, hamishia asubuhi. Huna haja ya kuruka siku. Kama ulimeza saa 3 usiku, kinachofuata meza saa 1 asubuhi na uendelee hivyo. Kuwahi mara moja hakudhuru.

Ukisahau, meza mara tu unapokumbuka. Isipokuwa kama imebaki chini ya saa nne kufikia kidonge kinachofuata, hapo subiri saa yake. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Mwezi wa Ramadhani hauna tatizo kwa kidonge cha mara moja. Meza wakati wa kufuturu au wa daku, chagua kimoja na ukishike mwezi mzima. Wa kuzungumza na daktari kabla ya mfungo ni yule anayetumia dolutegraviri mara mbili kwa siku, maana kati ya futari na daku saa kumi na mbili hazitimii vizuri.

Usivichanganye hovyo

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitapakalia.

Integresi hufanya kazi kwa kutumia madini ya magnesiamu, na dolutegraviri huizuia kwa kuyang'ang'ania madini hayo. Tabia hiyohiyo ya kung'ang'ania madini inaifanya idhurike tumboni. Ikikutana na magnesiamu, alumini, chuma, kalsiamu au zinki, hushikamana nayo na sehemu kubwa hutoka chooni bila kuingia kwenye damu. Umemeza kidonge, umetiki kalenda, na mwilini imeingia nusu au pungufu.

*Dawa za kiungulia.* Hizi ndizo adui wa kila siku, hasa kwa sisi walaji wa pilipili na ukwaju. Zile za kutafuna na zile za maji meupe mazito, nyingi zina magnesiamu na alumini. Kanuni yake: TLD imezwe saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake. Tuseme TLD yako ni ya saa 1 asubuhi. Dawa ya kiungulia unaruhusiwa kuanzia saa 3 asubuhi. Na kama kiungulia kilikukamata saa 4 usiku ukainywa, TLD isitangulie saa 10 alfajiri, kwa hiyo ile ya saa 1 iko salama. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, omeprazoli haina ugomvi na dolutegraviri. Muulize daktari kama inakufaa, utapumzika na hesabu za saa.

*Vidonge vya kuongeza damu na kalsiamu.* Mama mjamzito hupewa vidonge vya chuma na foliki kila anapohudhuria kliniki. Hivi vina njia rahisi: meza pamoja na TLD wakati wa kula. Chakula kikiwepo, dolutegraviri huingia vizuri licha ya chuma. Ila kiwe chakula kweli, mihogo au mkate na maharage, si chai kavu. Ukivimeza tumbo tupu, inarudi kanuni ya saa mbili kabla au saa sita baada. Vivyo hivyo kwa kalsiamu, na vidonge vya vitamini mchanganyiko vichukulie hivyohivyo kwa sababu vingi vina chuma na zinki. Maziwa mnayoyauliza sana, na Tanga maziwa hayakosekani, hayana neno yakinywewa kama sehemu ya mlo.

*Rifampisini ya kifua kikuu.* Hii haizuii kwa kushikamana. Inalichochea ini livunjevunje dolutegraviri haraka kuliko kawaida, na kidonge kimoja kwa siku hakitoshi tena. Mwenye TB na VVU anayetumia TLD huongezewa dolutegraviri ya miligramu 50 peke yake: TLD asubuhi, nyongeza jioni, saa kumi na mbili kati yake. Huendelea hivyo muda wote wa dawa za TB, kwa kawaida miezi sita, na wiki mbili zaidi baada ya kumaliza, kwa kuwa ini halitulii siku ileile. Makosa ya hapa huwa ya aina mbili. Kuna anayeanzishwa TB kwenye kituo kingine na kule haonyeshi kadi ya CTC, nyongeza haipati. Na kuna anayeacha nyongeza siku aliyomaliza dawa za TB kwa furaha. Kidonge cha isoniazidi cha kukinga TB hakina shida hii.

*Metformini.* Dolutegraviri huifanya metformini ijae kwenye damu. Kipimo chake kwa anayetumia zote mbili kisizidi miligramu 1,000 kwa siku. Anayetibiwa kisukari kliniki moja na VVU kliniki nyingine ajue kwamba madaktari hao huenda hawajaonana. Yeye ndiye kiungo chao.

*Dawa za kifafa.* Karbamazepini hudai dolutegraviri iongezwe kuwa mara mbili. Fenitoini na fenobabitoni ni bora kuziepuka kabisa, daktari atafute dawa nyingine ya kifafa. Usiache ya kifafa mwenyewe.

Mitishamba sitaipa hukumu moja, kwa sababu ni mingi na hakuna aliyeipima yote. Unga wowote unaosifiwa kwa "madini mengi" uuchukulie kama kidonge cha madini. Na mganga akikwambia uache ARV ili dawa yake ifanye kazi, hapo huhitaji kuuliza mtu. Ondoka.

Wiki za mwanzo

Kichefuchefu kidogo, kichwa kuuma, kukosa usingizi: hutokea kwa baadhi ya watu, na wengi huishiwa nayo ndani ya wiki chache. Kula kidogo kabla ya kumeza husaidia.

Kuna jambo moja linalowatisha watu bure na lingine lisilowatisha inavyostahili. La kwanza ni kreatinini, kipimo cha figo, kupanda kidogo baada ya kuanza. Dolutegraviri hupunguza utoaji wa kreatinini kupitia figo bila kuiharibu figo yenyewe. Daktari ataangalia kama imepanda kidogo ikatulia, au inaendelea kupanda, ambapo tenofoviri itatazamwa. La pili ni homa, kikohozi kipya au tezi kuvimba wiki chache baada ya kuanza. Virusi vinashuka upesi, kinga inaamka, na TB iliyokuwa imejificha inajitokeza. Rudi kliniki hata kama tarehe yako bado. Na usiache dawa ukidhani ndiyo inayokuumiza.

Macho au ngozi kuwa njano, vipele pamoja na homa au malengelenge mdomoni, mawazo ya kujidhuru: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Uzito ni habari ndefu kidogo. Tafiti zilizofanyika Kamerun na Afrika Kusini, matokeo yake yakitolewa mwaka 2019, zilionyesha kwamba wanaotumia dolutegraviri huongezeka uzito kuliko wa efavirenzi, wanawake zaidi. Kwa aliyekuwa amekonda hii ni neema, na mtaani watasema amenawiri. Kwa aliyeanza akiwa na mwili tayari, mzigo wa presha na sukari unamnyemelea. Pima uzito kila unapofika kliniki na uandike mwenyewe. Kiu isiyoisha na kukojoa kila mara, omba kipimo cha sukari. Kuacha TLD kwa ajili ya unene si jibu. Punguza soda, vitumbua na wali wa usiku, na ile baiskeli iliyoegeshwa uani ishushe barabarani.

Kopo, siri na safari

Kopo la TLD linapiga kelele. Yeyote aliyepanda daladala akitokea kliniki anajua mlio ule wa vidonge kwenye plastiki. Ndiyo maana wengine huvimimina kwenye mfuko wa nailoni wakalitupa kopo palepale nje. Sipendi njia hiyo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na ndani ya kopo kuna kifuko kidogo cha kukaushia. Ukilitupa kopo umekitupa nacho. Jaza pamba safi hadi juu, kopo litanyamaza. Nyumbani libandue karatasi kama unataka, bali andika tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kalamu ya wino chini yake. Lisikae dirishani wala karibu na jiko, joto lisizidi nyuzi 30.

Wavuvi wanaokwenda dago, na wafanyabiashara wanaovuka Horohoro au kwenda Pemba, waseme ratiba zao kliniki. Aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Beba zaidi ya siku unazopanga, maana kusi halina adabu. Chomboni weka vidonge vya siku chache kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko cha kukaza, kopo kubwa libaki nchi kavu na mtu unayemwamini. Kadi yako ya CTC isafiri nawe. Ukiishiwa ugenini, nenda kituo chochote chenye CTC uionyeshe. Kuazima za jirani ni kumpunguzia yeye na kuficha tatizo lako.

Wanawake na watoto

Mwaka 2018 ilitoka hofu kutoka Botswana kwamba dolutegraviri ikitumika wakati mimba inatunga huenda ikaleta kasoro ya uti wa mgongo kwa mtoto. Wanawake wengi walizuiwa kuitumia. Utafiti uleule ulipoendelea kukusanya wazazi wengi zaidi, tofauti ile ikafifia hadi kutoonekana. Leo TLD ni chaguo la kwanza kwa mjamzito na anayenyonyesha. Anayesikia bado kwamba "inaharibu mimba" anasikia habari ya zamani. Hatari iliyo kubwa ni kuacha dawa ukiwa mjamzito.

Kuhusu uzazi wa mpango, vijiti na sindano havisumbuliwi na dolutegraviri. Efavirenzi ndiyo iliyokuwa ikipunguza nguvu ya vijiti.

Mtoto hupewa kwa uzito, si kwa umri. Kuanzia wiki nne za umri na kilo 3 kuna dolutegraviri ya miligramu 10 inayoyeyushwa kwenye maji safi kidogo, anywe ndani ya nusu saa. Akifikisha kilo 20 anaweza kutumia kidonge cha miligramu 50, na TLD yenyewe ni kuanzia kilo 30. Kwa hiyo mtoto akipanda uzito, dozi ya mwezi uliopita inaweza kuwa imepitwa. Mlezi asiache kumpeleka akamtuma tu dada achukue dawa.

Kipimo cha wingi wa virusi

CD4 inaonyesha kinga. Kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi ni wingi wa virusi. Hupimwa miezi sita baada ya kuanza, tena kwenye mwezi wa kumi na mbili, kisha kila mwaka ukiwa umetulia. Mjamzito hupimwa mara nyingi zaidi. Damu ikichukuliwa, uliza majibu yanarudi lini na uyafuatilie. Majibu yaliyolala kwenye faili hayakusaidii kitu.

Virusi visipoonekana kabisa kwenye kipimo, huwezi kumwambukiza mwenzi wako kwa kujamiiana. Hilo Shirika la Afya Duniani limelitamka waziwazi mwaka 2023. Vikionekana lakini havizidi nakala 1,000 kwa mililita, uwezekano ni mdogo mno. Kondomu inabaki na kazi zake, magonjwa mengine ya zinaa na mimba.

Vikizidi 1,000, usikimbilie kuomba dawa nyingine, na usikubali kulaumiwa kabla ya kuulizwa. Utapewa ushauri wa ufuasi kwa miezi kama mitatu, kisha utapimwa tena. Nenda kwenye kikao hicho na orodha: siku ulizoruka na sababu zake, dawa ya kiungulia uliyonunua, vidonge vya damu ulivyokunywa asubuhi tumbo tupu, dawa za TB ulizoanza kituo kingine, pombe iliyokulaza bila kumeza. Pombe yenyewe haiui dolutegraviri, inaua kumbukumbu.

Wengi hushusha virusi hapohapo, kwa TLD ileile. Vikibaki juu licha ya kumeza sawasawa, mtoa huduma atafikiria usugu, na anaweza kukuhamishia kwenye dawa za mstari wa pili kama atazanaviri pamoja na ritonaviri. Wakati huo mweleze tena unatumia nini kingine, kwa sababu ritonaviri nayo ina orodha yake ya dawa isizopatana nazo, na ni ndefu kuliko hii.